Pancha za Tarishi

Kwa mwaka mmoja tarishi wa ofisi ya ardhi alipata pancha mia mbili na kumi na moja, na mkewe aliziamini zote. Msimcheke. Mwanamke huyo hakuwa mjinga. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kupima mara mbili na kukata mara moja, na ukipita mbele ya meza yake angekwambia bega lako la kushoto limeshuka kuliko la kulia hata kabla hujamwamkia. Ila alimpenda mumewe, na mtu unayempenda unamshuku mwisho, baada ya kuishuku dunia nzima. Yeye alikuwa bado yuko kwenye misumari.

Kila jioni mambo yalikuwa yale yale. Ofisi inafungwa saa kumi. Kutoka ofisini mpaka nyumbani kwa baiskeli ni dakika ishirini, tuseme ishirini na tano ukikutana na mtu mwenye maneno mengi. Tarishi aliingia uani saa kumi na mbili kasorobo, suruali imekunjwa hadi gotini, vidole vyeusi, ananuka gundi.

"Pancha?" mkewe aliuliza, pini bado ziko mdomoni.

"Pancha."

"Tairi la mbele au la nyuma?"

"La nyuma leo."

"Pole, mume wangu." Hapo anachukua chaki ya kuchorea nguo na kuongeza kijistari nyuma ya mlango, pamoja na vijistari vingine. "Baiskeli zote hizi mjini, na misumari inakutafuta wewe tu?"

Tarishi akanawa mikono. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yake ilishafika mwaka mzima.

Sasa wewe usianze kuwaza mambo ya mwanamke mwingine. Lingekuwa hilo ningekwambia mapema tukamalizana. Tarishi alikuwa anakwenda kwa baba mkwe wake, na katika nyumba ile hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko mwanamke mwingine.

Baba mkwe huyo alikuwa fundi baiskeli, na mtaa mzima ulimwita Mzee Kiraka. Karakana yake ilikuwa kibaraza cha duka lililofungwa, karai la maji, pampu, kopo la gundi na kipande cha msasa. Alikuwa ameziba matundu miaka arobaini, na kuziba kulikuwa kumempanda kichwani. Kwake hakukuwa na kitu kilichotoboka kisichostahili kiraka. Aliziba ndoo, aliziba miavuli, aliwahi kuziba godoro. Basi asubuhi ya harusi ya binti yake, gauni jeupe ambalo binti alilishona mwenyewe kwa miezi minne likanaswa na kitasa cha mlango, likapasuka nyuma, mahali pa kukalia, tundu la kidole gumba. Binti akaenda kuoga akisema atalitia uzi akitoka. Alipotoka akakuta baba yake ameshamaliza. Alikuwa amelipiga msasa gauni la hariri. Akalipaka gundi. Akabandika kiraka chekundu cha mpira, cha duara, akakikanyaga kwa kisigino mpaka kikashika.

Bibi harusi akaolewa ameketi. Kila aliyemwomba ainuke apigwe picha aliambiwa miguu inauma.

Jioni yake binti alitaka baba yake aseme neno moja tu, samahani. Mzee naye alitaka binti aseme neno moja tu, kimeshika. Hakuna aliyesema. "Gauni lote litaoza, kiraka kitabaki," mzee akajigamba badala yake, na binti akaapa kwamba kuanzia siku hiyo hana baba, na mtu wa nyumba yake hatakanyaga kibaraza kile. Miaka tisa ikapita hivyo. Walikaa mitaa miwili inayopakana, na binti akienda sokoni alizunguka kwa nyuma.

Tarishi alikiheshimu kiapo hicho miaka minane. Mwaka uliofuata akapata pancha. Pancha ya kweli, moja na ya pekee, mbele kabisa ya kibaraza cha baba mkwe wake, mvua inanyesha, na fundi mwingine yuko mbali. Akaingia kwa aibu. Mzee akampokea vizuri, akatoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai. Mapovu yakatoka kulia. Mzee akabandika kiraka kushoto. Akazamisha tena, mapovu yako pale pale. Akabandika cha pili katikati, kwenye mpira mzima usio na kosa lolote, na cha tatu karibu na pua ya kujazia upepo. Alipoanza kukata cha nne tarishi akamshika mkono.

"Baba mkwe, huoni?"

"Naona," mzee akasema. "Naona mwanga. Naona kuna mtu. Pancha siioni tangu mwezi wa tatu."

"Na viganja havikwambii?"

"Viganja vilishakufa. Gundi iliviua zamani." Akageukia pale alipodhani uso wa mkwewe upo. "Ukimwambia mtu nitafunga. Na nikifunga, mkwe, nitaamka asubuhi niwe nani?"

Tarishi akamshika kidole, akakiweka juu ya tundu, na kiraka cha nne kikakaa mahali pake. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, na wakapata utaratibu wao. Tarishi anakaa kwenye kigoda kama mteja anayesubiri zamu yake, zamu isiyofika. Mzee anaizungusha tyubu majini polepole, na mapovu yakitokea tarishi anakohoa. Kikohozi kimoja, simama. Viwili, umepitiliza, rudi. Kikohozi kirefu cha kukwaruza, hapo hapo, weka kidole. Mikono ya mzee ilikuwa bado inaijua kazi. Ikishaonyeshwa mahali, ilipiga msasa na kupaka gundi bila kosa. Wateja hawakugundua kitu. Walimhurumia tu yule bwana mwenye kifua kibovu na baiskeli isiyopona. Mmoja alimletea asali. Mwingine, muuguzi, alimwandikia kikaratasi akapigwe picha ya mapafu.

Uongo nao una tumbo: ukiulisha leo, kesho utadai tena. Mkewe alipofikisha vijistari sitini akasema, "Kesho niletee msumari wenyewe. Nataka kumjua adui yangu." Tarishi akapita dukani akanunua msumari. Mkewe akaushika kwa ncha za vidole, akauinua kwenye mwanga.

"Mpya hivi? Msumari mpya hivi umelala barabarani unafanya nini?"

Ikabidi tarishi ajifunze kuchakaza misumari. Aliilaza kwenye glasi ya maji ya chumvi ndani ya droo ya ofisini, juu ya mafaili ya viwanja, mpaka ikashika kutu. Bosi wake alipoiona glasi akauliza ni nini, akaambiwa ni dawa ya kifua, akasema kweli watu wanapata tabu. Kila jioni msumari mmoja wenye kutu ukaingia nyumbani na kutupwa kwenye kopo la maziwa. Kopo lilipojaa mkewe akaliweka mbele ya cherehani, akalitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuibia.

"Imetosha," akasema. "Wewe endelea na kazi yako. Hii vita niachie mimi."

Jumamosi akaingia duka la baiskeli, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Muuzaji akamletea tairi jeusi linalong'aa, akalipiga kofi la mapenzi. "Hili, mama, ni la maisha."

"Maisha ya nani?" Akalikunja mpaka kingo zake zikagusana. Ubavuni pakatokea mipasuko midogo, kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. "Hili limeanikwa dirishani mwaka mzima. Linang'aa kwa sababu umelipaka dawa ya viatu. Lete lingine."

Akaletewa lingine. Akahesabu nyuzi zilizochungulia ukingoni, maana mtu wa nguo anajua nguvu ya kitu iko kwenye nyuzi, haiko kwenye rangi. Akabonyeza kwa ukucha aone kama mpira unarudi. Akapima unene wa meno. Akalinusa. Matairi kumi na manne yakashuka rafuni, na muuzaji aliyeanza kwa kumwita mama akamalizia kwa kumwita mheshimiwa. Alilolichukua lilikuwa baya kwa sura, zito, halina jina kubwa, meno manene katikati na mbavu zinazokunjika bila kulalamika.

Wala hakuishia hapo. Alitwaa tairi kuukuu, akalikata kingo zenye waya, akabakiza mkanda wa katikati, akaushonea turubai kwa uzi wa viatu ili aulaze ndani, kati ya tairi jipya na tyubu. Kabla ya kuulaza alipitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi lote, kwa sababu kitambaa hunasa kwenye kipande cha chupa ambacho kidole hakikihisi. Na alipoitoa tyubu, akahesabu viraka vyake, akakuta vinne.

Tarishi akainama kuzitafuta kandambili zake.

"Pancha mia mbili na ushee," mkewe akasema polepole, "na viraka vinne." Akaipitisha tyubu shavuni. "Mume wangu, huyu fundi wako anaziba mpaka mahali alipoziba hapaonekani. Ni nani huyu?"

"Yuko huko njiani."

"Mpe salamu zangu. Mwambie fundi mwenzake anamsalimu."

Tarishi akazipeleka salamu bila jina, angezipeleka wapi pengine. Mzee Kiraka akazisikiliza, akaomba azirudie. "Huyo anajua kazi," akasema, na akaipangusa pampu ambayo haikuwa na vumbi.

Jaribio lilifanyika uani. Misumari yote ya kwenye kopo, ile ile iliyochachuliwa na tarishi kwa maji ya chumvi, mkewe alikuwa ameigongomea kwenye ubao, ncha juu. Akapanda baiskeli mwenyewe, sketi imefungwa kiunoni, akapita juu ya ubao kwenda na kurudi mara saba. Majirani wakatega masikio wasikie upepo ukitoka. Hawakusikia kitu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na tarishi alisimama pembeni ya kisima chake akipiga makofi pamoja na wengine.

Kwa vile alikuwa mwanamke wa kumaliza kazi, alimchorea mumewe ramani ya njia kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Hapa pita katikati, pembeni ndiko wanakofagilia chupa. Hapa shuka ukokote. Hapa ni kwa seremala, macho chini, usiyainue mpaka duka la dawa. Kila asubuhi alilijaza tairi upepo kwa mkono wake, akihubiri kwamba tairi laini ndilo linaloumwa, na kila jioni alilikagua. Uongo haukuwa na pa kukaa tena. Tarishi alihitaji pancha halali.

Basi akaifuata ramani ile kinyume chake. Akapita pembeni penye chupa. Akaingia kwenye uzio wa miiba, ndani kabisa, akatoka na shati vipande viwili. Akauzunguka uwanja wa seremala mara tatu mpaka seremala akamuuliza kama amepoteza kitu. Siku ya nne akaazima patasi, akalichoma tairi kwa mikono yote miwili, na patasi ikapinda. Saa kumi na dakika ishirini na tano alikuwa nyumbani, amechanika nguo, baiskeli nzima. Mkewe alilia kwa furaha.

"Mwaka mzima sijakuona jua likiwa juu," akasema. "Kaa hapo nikuangalie."

Akakaa. Alifurahi na aliumia, vyote viwili kwenye kiti kimoja, kwa sababu alijua kwamba mtaa wa pili mzee alikuwa anabandika viraka kwenye mpira mzima.

Habari zikasambaa. Wanawake wakaanza kuleta baiskeli za waume zao, mwanzo mmoja mmoja, kisha kwa foleni, na chumba cha cherehani kikawa nguo upande huu na matairi upande ule. Wakambatiza Mama Tairi. Na hapo likafumuka jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: mtaa mzima ulikuwa unaishi kwa pancha. Wanaume kumi na mmoja wakamwita tarishi kwenye kibanda cha kinyozi, wakafunga mlango.

"Mzuie mkeo," akasema kinyozi, ambaye ndiye alikuwa msemaji wao. "Mimi nilikuwa na nusu saa yangu ya drafti kila jioni. Sasa naulizwa nilikuwa wapi, na sina la kusema."

"Lakini wewe huna baiskeli," tarishi akasema.

"Miaka mitatu nimepata pancha bila baiskeli, na mke wangu hajawahi kuuliza. Jana ameniambia niipeleke kwa mkeo ikatiwe turubai. Niipeleke nini?"

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa shida ya kweli.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kibarazani. Mchana mmoja, akipeleka barua upande ule, tarishi aliiba dakika kumi akaenda kumwona mzee, akamkuta na karai la maji safi, yametulia. Katika wiki tano alikuwa amepata wateja wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia. Wa pili aliondoka na tairi lililonywea kabla hajafika kona, akarudi kusema maneno ambayo mzee hakutaka kuyarudia.

"Nimeambiwa ni yeye," mzee akasema. "Mwanangu mwenyewe. Ananifungia kazi kwa uzi na sindano."

"Hakukusudia, baba mkwe. Alikuwa ananilinda mimi."

"Hakuna tairi lisilopata pancha. Mtume mtu amwambie, Jumamosi saa nne alilete hapa. Nisipolipata tundu mbele ya watu, nafunga, na karai namwachia yeye afulie. Nikilipata, aache matairi ya watu arudi kwenye nguo."

"Sasa utalipataje, na wewe..." Tarishi akashindwa kumalizia.

"Utakuwepo," mzee akasema. "Utakohoa."

Kinyozi ndiye aliyepeleka ujumbe, na akaupeleka mbio. Mama Tairi aliusikiliza bila kusimamisha cherehani. "Mwambie huyo fundi nakuja," akasema. Hakusema baba. Jioni, akimkunjia mumewe shati, akaongeza, "Angeniita yule fundi wako wa salamu, huyo ningemwogopa. Huyu mwingine kazi yake naijua, anaziba hariri kwa mpira." Tarishi akameza chai vibaya.

Jumamosi kibaraza kikajaa. Mwamuzi alikuwa karani wa mizani na vipimo, mtu aliyewahi kumrudisha muuza nyama nyumbani kwa sababu ya gramu sita, naye akafunga kamba ili watu wasisogee zaidi ya hatua kumi. Ndani ya kamba walibaki baba upande huu wa karai, binti upande ule, karani na daftari lake, na tarishi kama mwenye baiskeli. Baba na binti hawakusalimiana. Kwa miaka tisa hawakuwahi kuwa karibu hivyo, na binti aliyakaza macho kwenye tairi.

"Sihitaji misumari," mzee akamwambia karani. "Mwulize mwenye tairi analijaza upepo mara ngapi."

"Mwambie kila asubuhi," binti akamwambia karani.

"Mwulize tena. Tairi zima likidai upepo kila asubuhi, ule wa jana linaupeleka wapi?"

Karani akaliandika swali. Kwa mara ya kwanza binti alilitazama tairi lake kwa shaka. Kikulacho ki nguoni mwako. Ule mkanda wa ndani, ule wa kukinga, ukingo wake uliokatwa kwa kisu ulikuwa umekaa siku arobaini ukiisugua tyubu taratibu, na mzee alilijua hilo bila kuona kitu, kwa sababu alishatengeneza matairi mengi ya watu wenye akili nyingi.

Akalitoa tairi. Watu wakaegemea kamba kuitazama ile mikono. Haikupapasa wala haikusita. Vyuma viwili vya kubandulia tairi, mzunguko mmoja, tyubu nje, pampu mara ishirini. Akaizamisha, na kweli, upande wake wa kushoto, chini ya maji, mapovu yakaanza kupanda moja moja, madogo kama punje za ulezi. Nje ya kamba hakuna aliyeyaona.

"Tundu lipo," mzee akasema.

"Neno si ushahidi," karani akasema. "Weka kidole juu yake. Una nafasi tatu."

Tarishi akakohoa kimoja. Karani akamwangalia. Akakohoa viwili.

"Wewe una kifua," karani akasema, "na hapa kuna maji wazi. Toka nje ya kamba."

"Ni vumbi tu, karani."

"Toka."

Kinyozi, mtu mwema, akamfuata na glasi ya maji, akamshika bega, akamtoa mpaka nyuma ya watu wote na kuanza kumpigapiga mgongoni. Tarishi akakohoa huko kwa nguvu zake zote, lakini kutoka kule hakuliona karai, na kikohozi cha mtu asiyeona hakina faida kwa mtu mwingine asiyeona.

Binti alikuwa amegeuza kichwa. Mumewe hakuwa na kikohozi. Wamelala chumba kimoja miaka tisa, na hajamsikia akikohoa hata mara moja.

Mzee akaweka kidole. Kulia.

"Siyo," karani akasema, akaandika.

Mzee akaizungusha tyubu polepole, kichwa ameinamisha kama mtu anayetazama, lakini macho yake yalikuwa yametua ukutani, juu ya karai, mahali pasipo na kitu. Alikuwa anasubiri. Sikio lake lilikuwa limegeukia kule nyuma, linatafuta. Binti akaliona lile sikio, akayaona yale macho, na akajua mumewe alikuwa wapi kila jioni, na alikuwa anafanya nini.

Mzee akaweka kidole mara ya pili. Katikati.

"Siyo. Imebaki moja."

Watu wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja akacheka. Binti alikuwa ameshinda. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa na mazoezi nako. Aliitazama mikono ya baba yake. Ilikuwa inapapasa, na maisha yake yote hakuwahi kuiona ikipapasa. Akamkasirikia. Alimkasirikia sana, kwa gauni, kwa kiburi, na zaidi ya yote kwa kukaa gizani muda wote huo, mtaa wa pili, asimtume hata mtu mmoja. Hasira ile ikapanda mpaka kooni, na ilipotoka haikuwa hasira.

"Kushoto, baba," akasema. "Shuka kidogo. Karibu na kidole gumba chako."

Karani akainua kalamu. "Mshindani haruhusiwi kumsaidia mshindani."

"Andika nimeshindwa," binti akamwambia, wala hakumtazama.

Mzee alikuwa amesimamisha mikono ndani ya maji. Akageuza uso kuielekea ile sauti.

"Nilikuwa nimeshaliona," akasema.

"Najua, baba. Weka kidole."

Akaweka, na mapovu yakakoma.